Spika Mbili za Rahima

Soko la Masasi lilikuwa limefurika siku Rahima aliposhuka kwenye bajaji na spika zake mbili, dera lake la zambarau limejaa vumbi la njia ya Newala. Kazi yake ilikuwa kupiga muziki harusini.

"Fundi, moja iliungua, nikanunua hii mpya na amplifaya yake. Sasa zinagombana. Nataka ziimbe kama mtu na nduguye."

Mujibu, fundi wa redio na spika pale sokoni, akatabasamu. Amplifaya ilikuwa ya kisasa, ya kupangwa kwa simu. Akapiga wimbo kwenye spika ya zamani, simu ikapima mlio wake. Kisha akaupiga kwenye mpya, akipunguza besi kidogo kidogo mpaka michoro ya milio miwili kwenye kioo cha simu ikalingana.

"Tayari."

"Bado. Hii mpya inakoroma."

"Simu inasema ziko sawa."

"Simu ina masikio?"

Akarekebisha tena. Kweli, koromo likaisha.

"Masikio hayo kakupa nani?"

"Mungu. Wewe kakunyima."

Wakacheka, wakapeana namba. Kwa miezi mitano hawakulala bila kupigiana simu. "Fundi wangu, umekula?" "Nitakulaje, mpenzi, na mpishi yuko Newala?"

Kisha simu za Mujibu zikawa zinaita tu. Siku ya nne dereva mmoja akamwambia amemwona Rahima garini, amemlalia mwanamume begani. Wivu ukampanda. Akaandika: "Nakutakia heri na bwana wako mpya." Hakujibiwa.

Wiki tatu baadaye akashindwa kuvumilia, akapanda gari kwenda Newala. Alimkuta Rahima uani amempa mgongo, anachambua mboga kwenye sinia. Akamwita. Akamwita tena. Hakugeuka.

"Shikamoo, mama," alimsalimu mama mtu aliyetokea mlangoni.

"Marahaba. Hasikii, baba. Homa ya uti wa mgongo. Kaka yangu Abdulrazaki ndiye aliyemkimbiza hospitali, kamlaza begani garini njia nzima. Roho imebaki, masikio yamekwenda."

Mama akaingia ndani. Mujibu akazunguka, akapiga magoti mbele ya Rahima. Sinia likamponyoka.

"Umefuata nini?" Sauti yake ilikuwa kubwa mno, haina kipimo.

Mujibu akaandika kwenye simu, akamwonyesha: "Nisamehe."

"Ujumbe wako niliusoma kitandani. Nikasema afadhali anichukie kuliko anihurumie."

Akaandika tena: "Nataka kukuoa."

Rahima aliusoma muda mrefu. "Kazi yako ni sauti, Mujibu. Na mimi sitasikia tena. Daktari kasema."

"Najua," akaandika. "Nakutaka hivyohivyo."

Akamrudishia simu. "Basi usiandike. Sema."

Mujibu akasema. Rahima alimkazia macho midomoni, machozi yakimtiririka.

"Tena. Polepole."

Akasema tena, neno kwa neno.

"Nimeliona neno lako," Rahima akasema. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaingia ndani kumwita mama yake aje asikie posa.