Picha ya Pili ya Mama Waringa

Kila asubuhi, kabla majirani wa Mutuini hawajawasha jiko, Mama Waringa alikuwa zizini. Aliwakatia ng'ombe wake nyasi, akawasemesha na kuwakemea kama watoto. Alikuwa amezeeka, lakini hakutaka kusikia habari ya kupumzika. "Nikipumzika mtanizika," alisema, na watu wakacheka.

Asubuhi moja, baada ya mvua, Mama Waringa aliteleza kwenye matope akaangukia nyonga. Alijaribu kusimama, akashindwa. Mwanawe Thuo alimpeleka kwenye kliniki ambako mkewe, Nyokabi, ni mpiga eksirei.

Nyokabi anaijua kazi yake, na wagonjwa wanampenda kwa mkono wake mwepesi. Lakini siku hiyo mgonjwa alikuwa mama mkwe wake. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu.

Picha ya kwanza, ya mbele, ilipigwa bila shida. Picha ya pili ilitakiwa kupigwa kutoka ubavuni. Mguu unaouma ungeachwa ulale vilevile. Ule mzima ungeinuliwa juu, ili usizuie picha. Kwa hiyo sketi ilibidi ipandishwe.

"Hapana," Mama Waringa akasema, akiishika sketi yake kwa mikono miwili. "Mke wa mwanangu anione uchi? Afadhali nife na mguu wangu."

"Ni kidogo tu, Mama."

"Nimesema hapana."

Nyokabi naye aliona haya. Mkwe ni mkwe. Akaiacha ile picha ya pili. Daktari wa kliniki aliitazama ile moja, akasema haoni mahali palipovunjika. Wakapewa dawa za maumivu, wakarudi nyumbani.

Lakini Mama Waringa hakuweza kukanyaga. Kila akijaribu, alilia. Na huyu hakuwa mwanamke wa kulia ovyo.

"Mama, picha imesema uko sawa," Thuo alimwambia. "Hiyo ni uoga tu. Ukilala sana, mguu utakauka."

Nyokabi alisikia, akanyamaza. Moyoni alijua kwamba picha haikusema hivyo. Picha ilisema nusu, na nusu nyingine aliiacha yeye.

Wiki hiyo kulikuwa na kongamano huko Westlands, la watu wanaopiga na kusoma picha za ndani ya mwili. Nyokabi alikuwa amejiandikisha zamani. Alipovaa viatu, Thuo alikunja uso.

"Kwani unaenda? Ukunywe chai ya hoteli na upewe mfuko wa bure, na Mama yuko hivi?"

"Si chai, Thuo. Huko kuna watu wananishinda kwa hii kazi. Nataka kuwauliza."

"Uulize nini, na picha ni sawa? Basi enda. Leo mimi na jirani tutamtembeza mpaka barabarani."

Nyokabi alitoka nyumbani na moyo mzito.

Ukumbini aliketi karibu na Munyiva, mpiga eksirei kutoka Machakos, mama mcheshi aliyemsalimu kama dada yake. Nyokabi alidhani siku nzima itakuwa ya kusifu mashine mpya. Kumbe sivyo. Daktari Nurjahan, bingwa wa kusoma picha za mwili, alisimama mbele akazungumza habari za wazee wanaoanguka.

"Mzee akianguka akashindwa kukanyaga, usimwambie yuko sawa kwa sababu ya picha moja," alisema. "Shingo ya mfupa wa paja inaweza kuwa na ufa mwembamba, usionekane kwa mbele. Piga na ya ubavuni. Hata hiyo isipoonyesha kitu, na bado hawezi kukanyaga, usimwache hapo. Mpeleke kwenye kipimo cha MRI. Mashine hiyo huona ufa ambao eksirei huukosa."

Nyokabi aliinua mkono. Watu wote waligeuka kumtazama.

"Daktari, na mgonjwa akikataa picha ya pili?"

"Alikataa kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Watu wakacheka, lakini si kwa ubaya. Wengi waliyajua hayo makwao. Daktari Nurjahan hakucheka.

"Anakanyaga?"

"Hapana. Analia. Na mume wangu anataka kumtembeza leo."

"Basi dada, toka nje upige simu sasa hivi. Asikanyage. Kama ni ufa na haujasogea, utashikwa kwa parafujo za chuma, apone. Akitembezwa ukasogea, huenda akahitaji operesheni kubwa zaidi. Tutakungoja."

Nyokabi alitoka nje akapiga simu. "Thuo, Mama yuko wapi?"

"Tuko naye mlangoni. Jirani amemshika huku, mimi huku."

"Mlaze! Mlaze hapo hapo, usimguse mguu. Ita ambulensi, aende hospitali kubwa leo."

"Na ile picha yako?"

"Haikutosha. Nilijua haijatosha nikanyamaza. Nimekosa, Thuo."

Kisha akamsikia mumewe akimwambia jirani, "Polepole. Tumlaze."

Aliporudi ndani, Munyiva alimpa maji ya kunywa. "Hata mimi yalinipata," akamwambia. "Siku hizi naweka leso mbili za kujifunga pale chumbani. Namfunika mgonjwa vizuri, nabakisha mahali pa picha tu. Na nikiona ni mkwe wangu, namwita mwenzangu. Nipe namba yako. Ukikwama, uliza."

MRI iliuonyesha ufa, mwembamba kama unywele. Ulikuwa haujasogea. Mama Waringa alitiwa parafujo, na kesho yake wauguzi wenyewe wakamsimamisha. Nyokabi alipomkuta kitandani akinywa chai, machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Mama, nisamehe. Ningekubembeleza zaidi."

"Na mimi ningeachilia sketi," mama mkwe akasema. "Tulikosa wawili. Sasa nifutie hiyo chai iliyonimwagikia."

Siku hizi kliniki ina leso safi kwa kila mgonjwa. Nyonga hupigwa picha mbili, na mzee asiyeweza kukanyaga harudishwi nyumbani hivi hivi, hupelekwa hospitali kubwa. Nyokabi akipata picha ya kutatanisha, humpigia Munyiva. Akienda kongamano, Thuo hamtajii tena chai wala mifuko.

Juzi Mama Waringa alikuja kliniki kutazamwa mguu, akitembea kwa mkongojo mmoja. Kwenye benchi alimkuta mzee Hezekiah, jirani yake, aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda. Mzee alikuwa amegoma kabisa.

"Nivue suruali mbele ya Nyokabi? Huyu nilimwona akiolewa! Atapiga hivi hivi nikiwa nimevaa."

Mama Waringa alimgeukia. "Hezekiah, mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kidogo tu nilemae. Mwambie akuitie Jackton, mwenzake, ni mwanamume kama wewe. Utafunikwa leso. Lakini picha upigwe, na zote mbili."

Hezekiah alimtazama mama yule, akautazama mguu wake mwenyewe uliovimba. Kisha akaanza kufungua mshipi.

"Ngoja ufike ndani, mzee!" Mama Waringa akapiga kelele, na benchi zima likaangua kicheko.