Karani wa Maneno

Kila Ijumaa baada ya chai ya saa nne, darasa la saba katika shule moja karibu na Mogogosiek lilicheza vibao. Vilikuwa vipande vya makasha ya majani chai, kila kimoja na herufi yake. Mchezaji alichota saba kikapuni, akaandika maneno yote aliyoweza kuyatunga. Aliyeshika kamusi aliitwa karani, kama yule wa kituo cha kununua majani. Neno bovu lilikataliwa kama majani yaliyokomaa.

Siku hiyo karani alikuwa Chepchirchir. Yeye alishachaguliwa kwenda mashindano ya maneno mjini Silibwet, mwaka ule wa 1994, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja, ya mshindi wa siku hiyo. Alitaka iende kwa rafiki yake Shirley, lakini Shirley alipata maneno tisa tu. Nelvine, ambaye mama yake alichuma chai kwa kibarua, alipata kumi.

"Oka, tao, uto," Chepchirchir akasoma kwa dharau. "Hii ni takataka gani?"

"Ni maneno. Fungua tu kamusi uone," Nelvine akasema.

"Karani hafungui. Karani anaona!" Akavifagia vibao vya Nelvine kwa mkono hadi sakafuni. "Okota majani yako upelekee ng'ombe. Lakini nyinyi hata ng'ombe hamna!"

Darasa likaangua kicheko. Nelvine akapiga magoti, akaokota kimoja kimoja. Mwalimu Alfayo alipoingia aliambiwa kwamba Shirley ameshinda, akaandika jina lake. Chepchirchir alirudi nyumbani akiimba, bila haya hata kidogo.

Kesho yake alimsindikiza mama yake, Tecla, kituoni. Karani wa huko alikuwa na haraka, lori likinguruma kando.

"Hii imekomaa, mama," akasema, akamwaga kikapu kizima chini bila hata kutia mkono.

"Karani, angalia hata ya chini! Nimechuma tangu asubuhi."

"Nimeshaona. Mwingine!"

Watu kwenye foleni wakacheka. Tecla akapiga magoti matopeni. Chepchirchir naye akainama kuokota, na kila alichoshika kilikuwa majani mawili na chipukizi, mazuri kabisa. Akamkumbuka Nelvine. Akalia, akamweleza mama yake yote.

Tecla hakumbembeleza. "Kumbe karani mwingine nimemzaa mimi," akasema. "Jumatatu utafungua hiyo kamusi mbele ya kila mtu."

Jumatatu akakiri mbele ya mwalimu na darasa zima, akaifungua. Oka lilikuwemo. Tao lilikuwemo. Uto pia. Mwalimu Alfayo akafuta jina la Chepchirchir, akaandika la Nelvine: yeye ndiye angeenda Silibwet pamoja na Shirley.

"Nisamehe," Chepchirchir akamwambia.

"Magoti yangu bado yanauma," Nelvine akajibu, akaenda kuketi.

Chepchirchir akamgeukia mwalimu, machozi yakimlengalenga.

"Usinitazame mimi," Mwalimu Alfayo akasema. "Ukipewa jasho la mwenzako ulipime, lipime kwanza. Wewe ulimwaga bila kupima, na ulijua unachofanya. Leo unalia wewe, lakini aliyepiga magoti ni yeye."