Bikoni Tatu Zilizohama

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Mpimaji alisimama pembezoni mwa mji, pale nyumba za matofali zinapoishia na bustani za mboga kuanza, akahesabu bikoni, zile nguzo fupi za zege za mpaka, mara mbili. Zilitimia kumi na mbili. Lakini ya saba, ya nane na ya tisa hazikuwa pale alipozifukia mwenyewe wiki iliyopita. Zilikuwa zimeshuka bondeni hatua thelathini, na mstari ulionyooka sasa ulikuwa na kiwiko.

Juu ya mstari huo ni makazi. Chini yake ni kilimo tu, marufuku kujenga. Saa tano wananchi wangekutana kuupitisha mpango waliobishania miaka miwili. Hila hii ikijulikana mkutanoni bila mhusika, wangerudi kule kule walikoanzia.

"Hiyo kazi ya dalali," alisema Mwenyekiti wa wakulima, mama wa makamo mwenye sauti ya kujaza uwanja. Kiwiko kilikuwa kimemega bustani yake. "Nimemwona kwa macho yangu jana saa mbili usiku, mvua imeshakatika, anachimba na vibarua wawili."

"Mvua ilianza saa ngapi huku?"

"Saa kumi na mbili jioni. Tena ilimwagika kwelikweli."

Dalali wa viwanja aliitwa, akaja amefura.

"Kila kitu kikiharibika, dalali! Jana saa mbili nilikuwa nyumbani, nimelala."

"Nani alikuona?"

"Dada, mimi nikilala siiti watu waje kutazama."

"Bonde likifunguliwa, utauza viwanja?"

"Nitauza hadi ulimi uote sugu. Lakini kutaka si kuiba."

Jibu hilo halikumsaidia. Watu walioanza kukusanyika walishamhukumu kwa macho. Mpimaji hakuwajali. Aliomba jembe, akaifukua bikoni ya nane.

Juu, udongo ulinata kama ugoro uliolowa. Alipofika kwenye kitako, alichota konzi moja, akaifungua. Vumbi tupu likapeperuka. Kama shimo lingechimbwa baada ya mvua, tope lingechanganyika hadi chini. Bikoni ile ilifukiwa ardhi ikiwa kavu, kabla ya saa kumi na mbili.

Akachutama. Kando ya shimo, miche minne ya kabichi ilikuwa imehamishwa na kupandwa upya kwa nafasi sawasawa, imefunikwa majani makavu isiungue. Kibarua wa dalali angeikanyaga tu.

Saa nne kasoro robo alibisha hodi kwa Mwenyekiti. Kilikuwa chumba kimoja, magodoro manne yameegemezwa ukutani, na binti yake akiwavalisha viatu watoto watatu.

"Mama, tuzungumze nje."

Walisimama ubavuni mwa nyumba. Mpimaji alizungumza polepole, bila kupandisha sauti.

"Unasema umeona watu wakichimba baada ya mvua. Udongo wa chini ni mkavu. Kwa hiyo hukuona. Na aliyechimba aliihurumia miche yako kuliko anavyomhurumia dalali."

Mwenyekiti aliegemea ukuta. Mabega yakamshuka.

"Mwanangu kaachika. Karudi na watoto watatu. Ardhi ninayo, lakini kwenye ramani mmeipaka rangi ya kilimo, siruhusiwi kuongeza hata ukuta. Na mimi ndiye niliyepiga kelele bonde lisijengwe. Ningesimama vipi niseme nataka kujenga?"

"Ungesimama hivyo hivyo. Shida hiyo si yako peke yako."

"Jana mchana watu wote walikuwa sokoni. Nikachukua toroli."

"Na dalali ungemwacha asulubiwe?"

Alilia, akajifuta kwa ncha ya kanga.

Kabla ya mkutano, bikoni zilikuwa zimesharudi mahali pake. Saa tano Mwenyekiti alisimama, akasema yote bila kujificha, akajiuzulu. Uwanja ulichemka. Mpimaji aliacha kelele zipungue, kisha akapendekeza kifungu kipya: kila bustani iruhusiwe nyumba moja ya familia, kando ya njia, isizidi sehemu ya kumi ya eneo. Bonde libaki la mboga. Wakulima wanane wakasimama papo hapo kuunga mkono. Wote walikuwa na watoto wasio na pa kulala. Mpango ukapita.

Mama yule alimwendea Dalali mbele ya kadamnasi.

"Nimekupaka matope. Nisamehe, mwanangu."

Dalali, mtu asiyewahi kukosa neno, alisogea kwenye benchi, akamfanyia nafasi.