Usiitike kwa Bi Johari

Haya yalimpata rafiki yangu Nadhira, fundi cherehani wa Likoni, na wallahi siongezi neno. Mchana mmoja alipeleka buibui kwa mteja wake mpya, Bi Johari wa Mtopanga. Akavua ndara mlangoni, akaingia. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, ndani giza tupu.

Bi Johari, mama mtu mzima, alimkagua kama mwizi. "Nani amekufuata?"

"Hakuna mtu, bibi."

"Basi ukisikia unaitwa huko nje, usiitike. Wazee wetu walikuwa watumwa, wakatoroka wakajificha hapa. Waliowasaka walipita wakiita majina kwa upole, na aliyeitika alirudishwa kwa kamba. Mpaka leo nyumba hii haiitiki. Mtu wetu hagongi kwa mkono, hugonga kwa kifuu cha nazi."

Nadhira akamshuku bibi huyu kuwa kachanganyikiwa. Alikuwa akikunjua buibui aliposikia kitu kikiburuzwa uani, taratibu, kikakoma mlangoni. Kisha sauti ya kiume, laini: "Nadhira!"

Mtoto aliyelelewa kwa adabu, ulimi ukamtangulia. "Abee!"

Bi Johari alimziba mdomo, lakini keshachelewa.

Walipofungua mlango hapakuwa na mtu. Mchanga uliofagiliwa asubuhi ulikuwa na nyayo za Nadhira peke yake. Ila ndara zake zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba kuukuu ya makumbi ya nazi, na ncha ya pili ilipinda kona ya nyumba. Wakiwa wanaitazama, kamba ikaanza kukazika.