Nusu ya Ufunguo

Symphorien alikutwa ameangukia kibodi yake, damu imeshakauka kisogoni. Chini ya kiti kulikuwa na kipande cha nondo. Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Kwenye kioo cheusi, mstari wa mwisho ulikuwa herufi g peke yake, mamia kwa mamia, na zilikuwa bado zinaongezeka, kwa sababu paji la uso la marehemu lilikuwa linaibonyeza.

Inspekta Adalbert Kapya alisimama mlangoni mwa kibanda hicho cha fundi kompyuta, mtaani Hewa Bora. Hakuingia mara moja. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gari la jipu lisilo na namba, na ndani yake Meja Rigobert alikuwa anakula karanga.

"Huyu alikuwa anafungulia bantu ba hapa njia ya kuongea na Mashariki," meja alikuwa amemwambia. "Nataka majina yote."

"Muuaji ni mmoja tu, Meja."

"Basi, umupate mbele ya saa sita mchana. Ukimukosa, nabeba bote."

Ulikuwa mwaka ule miji ya Kivu, huko Mashariki, ilipokuwa inaanguka mmoja baada ya mwingine mikononi mwa waasi. Mitandao ilifungwa. Barabarani askari walinyang'anya watu simu na mashini, yaani kompyuta zao, wakachungulia ndani. Aliyekutwa na alama ya VPN, njia ya siri ya kupita mtandao uliofungwa, kwenye kioo alipandishwa jipu, na familia yake ikabaki kuzunguka ofisi hii na ile bila jibu.

Ndiyo maana watu walimwendea Symphorien. Yeye hakuweka programu yenye alama. Aliandika amri kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka njia isimame, na askari akifungua mashini hakuona kitu.

Keren, fundi wa kompyuta wa polisi, alivaa glavu. Maiti ilipoondolewa, aliketi kwenye kreti ya bia akasoma amri zote za asubuhi ile.

"Chef, utazame. Kila kliyan aliyemulipa iko na faili yake. Ziko tisa. Kila faili inapashwa kuwa na ufunguo wake. Lakini hizi mbili ziko na ufunguo mumoja."

"Kwa nini?"

"Uvivu. Alikopi faili, akasahau kubadilisha. Sasa seva inamujibu ule wa mwisho kubisha. Mumoja akiingia, mwingine anaanguka."

"Za nani?"

"Mama Laurentine. Na Muhindo, mwenye depo ya unga. Leo alianza kumuandikia Muhindo ufunguo mupya, hakumaliza."

Mama Laurentine, mjane wa mfanyakazi wa reli, alikuwa tayari nje, mashini yake imefungwa ndani ya kitenge. Alikuwa hajaambiwa kitu.

"Nilikuya ju njia inakatika," alisema. "Nikianza tu kumusikia Dorcelle, inakufa. Mutoto wangu iko Butembo, Papa. Kule bunduki inalia."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Misa. Umuulize padri, alinigombeza ju ya kulala."

Kapya alitazama jipu. Meja alikuwa anawatazama pia.

"Rudia njia ya nyuma, Mama. Hiyo kitenge usiifungue."

Ilikuwa saa tano kasorobo.

Muhindo walimkuta kati ya magunia. Alikuwa mtu wa Butembo, mrefu, mwenye kutabasamu haraka.

"Symphorien unamujua?"

"Bonjour, bonjour tu."

"Alikuwekea VPN."

"Zamani. Ni juma mbili sijamuona."

"Leo asubuhi?"

"Nilikuwa hapa, napokea lori ya mupakani, ya Kasumbalesa."

"Leta mashini yako."

Tabasamu lilikawia kuondoka. Keren alifungua kioo cheusi, akaandika amri moja. Akasoma, akarudia kusoma.

"Chef, huu si ufunguo wa zamani. Umetengenezwa leo, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi."

Kapya aliketi juu ya gunia, uso kwa uso na mfanyabiashara.

"Nikuelezee vile mimi nilivyoelezwa. Ufunguo huu una nusu mbili. Nusu ya siri inazaliwa ndani ya mashini ya mwenyewe na inabaki humo. Nusu ya wazi fundi anaiandika kwenye mashini yake. Nusu ya wazi tumeikuta kwa Symphorien. Aliiandika saa moja na dakika kumi na nne, na hakuandika tena kitu. Nusu yake ya siri iko hapa. Mashini hii ilikuwa mezani kwake. Nani aliipeleka?"

Muhindo alitazama mikono yake.

"Kila nikianza kuongea na ndugu zangu, inakatika," alisema taratibu. "Inarudi, inakatika. Nikajua kuna muntu anasikiliza. Nikajua ameshaniuza kwa askari ba jipu. Leo nikamuuliza. Akacheka. 'Ni kosa yangu kidogo, leta nitengeneze.' Akaanza kuandika, mistari na mistari, mi sijui kusoma hata mumoja. Halafu kwa mashini yake akaandika jina yangu. Nikasema, ndio hivi, ananiuza mbele ya macho yangu. Nondo ilikuwa kwa mulango."

"Alikuwa anakutengenezea ufunguo wa kwako peke yako," Keren alisema. "Ilibaki amri moja tu, ya kusimamisha njia."

Muhindo aliinua kichwa. "Na nani alikuwa ananikata?"

"Mama mmoja," Kapya alisema. "Anatafuta mtoto wake Butembo."

"Butembo," alisema Muhindo, akafunika uso.

Aliweka sahihi kwenye maelezo ya kukiri kosa saa tano na nusu. Walirudi kibandani naye amefungwa pingu.

"Chef," Keren aliuliza kwa sauti ya chini, "na hizi faili nane? Nikizifuta hapa, njia zao zinabaki kwa seva."

Kapya alimpa mgongo. Nyuma yake alisikia vidole vikigonga kibodi, amri moja fupi. Ilibaki faili ya Muhindo.

Meja Rigobert alisoma karatasi akiwa amekaa garini.

"Na bengine?"

"Hakuna wengine, Meja. Mashini ina jina moja. Unaweza kuitazama."

"Mikono inakutetemeka, Inspekta."

"Njaa."

Meja alimnyooshea karanga. Kapya alizipokea, akazitafuna hapo hapo, na maganda yake.

Saa ile ile, Mama Laurentine alikuwa amejifungia chumbani, kitenge juu ya kichwa, anampigia Dorcelle. Mara hii haikukatika. Iliita, ikaita, ikaita.