Kabati Lililohama Bila Susu Kujua

Kila asubuhi Ndanu alipokuwa akijitayarisha kwenda shule, nyanya yake naye aliamka akaanza safari yake. Wote walimwita Susu, kama nyanya wanavyoitwa Ukambani. Susu hakuwa akiona. Presha ya macho ilimpofusha akiwa bado kwake Kathiani, ndipo binti yake, mama yake Ndanu, akamchukua waishi pamoja Mumbuni, katika chumba kimoja cha kupanga.

Lakini usidhani Susu alikuwa mtu wa kuonewa huruma, hata kidogo! Akitoka kitandani alishika ukingo wa kabati la vyombo, akapita, akagusa kigoda kwa goti, na mlango ukawa huo hapo. Alienda nje peke yake na kurudi peke yake, kisha akaketi kusuka viondo vya mkonge ambavyo hata wenye macho walivionea wivu. Kutoshikwa mkono na mtu ndiko kulikompa raha.

Ndanu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, aliona jambo jingine. Aliona chumba kidogo chenye giza, kabati limekaa katikati na mafungu ya mkonge yananing'inia juu yake. Jumapili hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa ije kusali kwao. Jumuiya husali nyumba kwa nyumba, na zamu ikifika imefika. Mwenyekiti wake alikuwa mama yake Tracy, na Tracy alisoma darasa moja na Ndanu. Sebule ya kina Tracy mtu angeweza kuchezea mpira.

"Mama, haki tutaaibika," Ndanu alisema. "Nimeona kwa simu vile watu hufanya chumba kidogo kionekane kikubwa. Unapaka rangi nyeupe, unaweka kioo kikubwa, na unatoa vitu katikati."

"Rangi paka, mwenye ploti ametuachia ile iliyobaki," Mama akajibu. "Lakini kabati likisogea, mwambie Susu kwanza. Mshike mkono, mzunguke naye mpaka azoee. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia, ndiyo. Kusikia ni rahisi.

Jumamosi Mama alienda sokoni kuuza nguo. Ndanu akamketisha Susu nje kwenye jua, akapaka kuta zote. Akaburuta kabati hadi kona ya mbali, na ukutani, nyuma ya palipokuwa na kabati, akaegemeza kioo kirefu alichoazima kwa jirani. Kigoda akakitoa nje. Mkonge wote akausukumia chini ya kitanda. Loo! Chumba kikafunguka. Mwanga wa mlangoni ulirudishwa na kioo, ungedhani kuna chumba kingine upande wa pili. Tuseme ukweli, kazi ilikuwa nzuri.

"Ndanu," Susu aliita kutoka nje, "nasikia kitu kinaburutwa. Umesogeza nini?"

Ndanu alisita. Akisema ukweli, Susu ataingia apapase kila ukuta, na rangi ilikuwa mbichi. Ile mikono ingeacha alama kila mahali!

"Ni kitanda tu, Susu. Nimekirudisha. Kila kitu kiko mahali pake."

"Sawa, mwana wakwa," Susu akamjibu mjukuu wake kwa Kikamba.

Jioni alimwongoza kwa mkono hadi kitandani, akisingizia rangi. Mama aliporudi, Susu alikuwa amelala. "Umemzungusha?" Mama akauliza. "Nimemzungusha," Ndanu akajibu bila kupepesa macho. Alijiambia kwamba wageni wakienda tu, atarudisha kila kitu.

Jumapili asubuhi akamtoa Susu nje na kumrudisha vivyo hivyo kwa mkono, kisha wageni wakajaa kwenye viti vya kuazima. "Wee! Kwenu ni kukubwa hivi?" Tracy alishangaa mlangoni, na kichwa cha Ndanu kikavimba. Walisali rozari, wakaimba, wakanywa chai. Walipoinuka kuaga, Susu naye akainuka. Hakukubali kamwe mgeni aondoke kwake bila kusindikizwa hadi mlangoni.

"Susu, ngoja!" Ndanu alipiga kelele.

Alikuwa amechelewa. Susu aliunyoosha mkono ashike kabati, akashika hewa. Alianguka kwa uzito wake wote, mkono ukiwa chini yake, na kwa sababu ya kile kioo, watu walimwona akianguka mara mbili. Mfupa ulisikika ukivunjika.

"Nisameheni," Susu alisema akiwa sakafuni, jasho likimtoka. "Nimewaharibia maombi. Ni miguu ya uzee."

Hospitalini walimfunga plasta. Daktari alisema mfupa utaunga, lakini vidole havitakuwa kama zamani, na kusuka asahau. Hapo kwenye benchi Ndanu alimwambia mama yake kila kitu, huku akilia kwa kwikwi. Mama hakumpiga. Heri angempiga.

Siku hiyo hiyo walirudisha kabati na kigoda mahali pake. Asubuhi iliyofuata Susu aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Kabati liko wapi?" akauliza.

"Liko mahali pake, Susu. Hapo tu mbele yako," Ndanu alijibu.

Susu hakuinuka. Aliuacha mapajani mkono usio na plasta. Mama alipoingia na maji, Susu akauliza tena, "Kabati liko wapi?" Mama akasema, "Liko mahali pake, Mama." Ndipo Susu akainuka.

Ndanu alitoka nje mbio. Mama alimkuta karibu na kamba ya nguo, akamshika bega.

"Kutaka chumba kizuri si kosa," Mama alisema. "Rangi ile naipenda hata mimi. Lakini Susu alikuwa anaona kwa maneno yetu. Ulipomwambia uongo, ulimpofusha mara ya pili. Wageni walikipenda chumba kwa saa moja, na yeye anayeishi humo mchana kutwa amebaki na kitanda tu."

"Ataniamini tena, Mama?"

"Sijui, na sitakudanganya. Kesho akikuuliza, mwambie ukweli. Kesho kutwa pia. Na asipoinuka, usimkasirikie. Mwambie tena."