Sampuli ya Kumi na Saba

Walikutana kwenye lifti ya hospitali, saa ya kuona wagonjwa, watu wamebanana. Boksi la barafu alilobeba muuguzi wa chumba cha upasuaji lilimchoma ubavuni binti wa maabara.

"Samahani, dada. Nimebeba moyo wa mtu."

"Kipande tu," alijibu binti, akisoma kibandiko. "Vali, kilango cha moyo. Na unaniletea mimi."

Tangu siku hiyo binti akamwita muuguzi huyo Barafu. Kila mgonjwa alipotolewa vali iliyoharibika, na akaridhia itumike kwenye utafiti, Barafu aliipeleka ghorofa ya nne, sare yake ya kijani imenyooshwa kama anakwenda kuposa. Binti aliigandisha, akaitwanga kwenye kinu kidogo mpaka ikawa unga, kisha akauloweka kwenye dawa ili protini zitoke. Barafu alikaa kwenye stuli akimtania.

"Wenzio wanatwanga vitunguu saumu."

"Na wewe nitakutwanga usiponyamaza, mpenzi."

Miezi minane ikaenda hivyo, simu asubuhi, simu mchana. Binti akamtambulisha hata kwa dada yake.

Kisha majibu yakatoka. Sampuli ya kumi na nne na ya kumi na saba, zilizoandikwa kuwa za wagonjwa wawili, zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Binti alirudia kazi siku tatu, akidhani amechanganya chupa mwenyewe. Mwishowe akashuka kuangalia daftari la upasuaji. Wiki ilipoletwa sampuli ya kumi na saba, hakuna aliyepasuliwa moyo.

Akapiga simu. "Barafu, ya kumi na saba ilitoka kwa nani?"

"Niliikata ile ya kumi na nne vipande viwili. Hakukuwa na upasuaji, nami nilitaka sababu ya kuja."

"Ungekuja mikono mitupu. Ningekufungulia."

"Niliona haya. Tulikuwa hatujazoeana."

"Na miezi yote hii baada ya kuzoeana? Nimekuamini kuliko mizani yangu. Sasa katika zote ulizoleta, niamini ipi?"

Kesho yake Barafu alikwenda mwenyewe kwa profesa aliyeongoza utafiti, akasema yote. Akanyang'anywa kazi ya kubeba sampuli, na utafiti ukaamriwa uanze upya.

Jioni akampigia binti. "Nimeshasema kila kitu. Nije?"

"Wagonjwa walitupa vipande vya mioyo yao, ukavichezea."

"Najua."

"Bado nakupenda, hilo sikufichi. Lakini usije."

Binti akakata simu kabla Barafu hajamwita mpenzi.